Kufinyanga Simba, Kiboko na Mamba: Hotuba kwa Wafinyanzi wa Iringa

Kamwene! Wazee wetu shikamooni. Kina mama wafinyanzi mliotoka mbali, walimu wa sanaa, na ninyi vijana mnaopanga kazi zenu kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, karibuni.

Mmetaka tuzungumze juu ya wanyama hatari katika sanaa ya udongo. Kazi nyingi za simba tunazoziona sokoni zina kosa moja. Mdomo umeachama, meno yamejaa mpaka nyuma, ulimi uko nje, na kucha zote 18 zimechomoza. Mtoto anamshika, anacheka. Msanii ameweka hatari yote mdomoni na kuusahau mwili, na mwili ndiko hatari inakokaa. Simba anayenyatia hufunga mdomo. Kichwa kinashuka chini ya mstari wa mabega, shingo inanyooka mbele, tumbo linakaribia ardhi, miguu ya nyuma inajikusanya. Ukilipata umbo hilo, hata bila jino hata moja, mtu atakayemweka mnyama huyo mezani atajikuta anamgeuzia uso upande wa pili.

Kwa hiyo leo nitakaa sana kwenye mwili, kisha kwenye udongo na moto, kwa kuwa umbo zuri linalopasukia motoni halina faida kwa mtu.

Nianze na bega la paka wakubwa. Kwa simba na chui, fupa la bega halijaungwa na kifua kwa mfupa wowote unaolizuia. Limeshikwa na misuli tu. Ndiyo maana mnyama akinyatia, mabega yanapanda juu ya uti wa mgongo, moja likipanda na jingine likishuka kadiri anavyopiga hatua. Wengi wenu mnaufanya mgongo unyooke kama benchi kutoka shingoni mpaka mkiani. Ongezeni vipande viwili vya udongo, bapa, upana wa vidole viwili kwa sanamu ya sentimita 30, mvilaze kwa mshazari pande mbili za uti wa mgongo. Kimoja kipande juu ya mgongo kwa nusu sentimita, kingine kibaki usawa wa mgongo. Upande ambao bega limepanda ndio mguu uliobeba uzito. Mguu wa upande wa pili uko hewani au ndio kwanza unagusa ardhi. Mkikosea hapo, mnyama ataonekana amevunjika, na mtazamaji atahisi kasoro bila kujua iko wapi.

Mguu wa nyuma nao una siri yake. Kile kiungo kinachoelekea nyuma, ambacho wengi huita goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na linaelekea mbele kama la kwako. Simba, chui, fisi na mbwa mwitu wote wanatembea kwa vidole, kisigino kiko hewani. Kama unataka kulielewa hili kwa mikono, nenda buchani ununue kongoro la ng'ombe, na kabla halijaingia sufuriani likunje na kulikunjua. Tazama kano inavyovuta, tazama mfupa unavyoteleza. Kwato si vidole vya simba, lakini kanuni ya kiungo ni ileile, na kongoro moja litakufundisha kuliko picha mia za simu.

Paka wa nyumbani pia ni mwalimu mzuri wa mgongo na mabega, ila msimwige macho. Mboni ya paka wa nyumbani hujibana ikawa mstari uliosimama. Ya simba na ya chui ni ya mviringo hata juani. Mstari uliosimama muuwekee mamba, na muuwekee nyoka aitwaye kifutu. Ukimchimbia simba mboni ya mstari, umefinyanga paka aliyenenepa.

Kucha: paka wakubwa huzificha. Simba aliyelala au anayetembea haonyeshi kucha. Unaona vidole vinne vilivyojaa na mto wa nyama chini. Mbele ana cha tano, kimepanda kwa ndani ya mguu, hakigusi ardhi. Nyuma ni vinne tu. Fisi ana vinne kila mguu, na mbwa mwitu vilevile, nao kucha zao haziingii ndani, zionyeshwe. Mbwa mwitu ni mnyama ambaye Ruaha tunaye na wageni wanamtafuta sana, lakini hapa sokoni hayupo kabisa. Masikio yake ni mapana na ya duara, na hilo peke yake linatosha kumtofautisha na mbwa wa kijijini.

Singa za simba dume zinawapoteza wengi. Watu huchukua kitana na kuchora mistari kuzunguka shingo. Singa ni uzito kabla ya kuwa nywele. Jenga kwanza matonge makubwa matatu au manne: la juu ya kichwa, la shavuni kila upande, la kifuani. Yapishane unene. Kisha ukate mikunjo michache yenye kina ili kivuli kikae ndani, na mistari midogo uiweke mwishoni, tena sehemu chache. Kivuli ndicho kinachofanya singa zionekane nzito. Na jike hana singa, ndiye huwinda sana, na mwili wake unaonekana wazi. Nawasihi muanze na jike. Usoni, chini ya macho, ana ngozi yenye rangi nyeupe. Mkiani ana kishada cheusi. Nyuma ya masikio ni peusi. Vitu hivyo vitatu vikiwekwa sawa, mnyama anatambulika hata kutoka ng'ambo ya barabara.

Chui na duma msiwachanganye. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, moja moja, na mchirizi mweusi kutoka jichoni mpaka mdomoni. Chui ana madoa yaliyokusanyika kama ua lililokatika katika, na ndani yake rangi imekolea kuliko ngozi ya nje. Usoni na miguuni kwa chui madoa huwa madogo na yaliyojaa. Tena chui ana kifua kipana, shingo nene, mkia mrefu. Duma amekonda na ana kifua cha kukimbilia. Madoa mazuri juu ya mwili wa duma hayawezi kumpata chui.

Sasa kiboko. Huyu ndiye rafiki wa mfinyanzi, kwa sababu miguu ni mifupi na minene, haivunjiki. Kwake yeye mdomo wazi una maana. Kiboko anapopiga ule mwayo mkubwa mara nyingi anatisha, anasema kaa mbali, na taya zake hufunguka kupita mnyama mwingine yeyote wa nchi kavu tuliye naye. Kosa linalorudiwa ni chonge. Wengi wanazipandisha taya la juu kama za ngiri. Kubwa zenyewe ziko taya la chini, zimepinda, moja kila upande. Katikati yake, mbele, kuna meno yaliyonyooka kuelekea mbele kama vigingi vilivyolazwa. Weka rula juu ya kichwa: pua, macho na masikio lazima vikae juu, karibu katika mstari mmoja, kwa sababu ndivyo vinavyochungulia majini mwili wote ukiwa umezama. Jicho likishuka ubavuni mwa kichwa, umepata nguruwe. Pale Isimila, kilomita kama 20 kutoka hapa mjini, yalipatikana mabaki ya kiboko wa kale ambaye macho yake yalikuwa yameinuka zaidi hata ya huyu wa leo. Kila mguu una vidole vinne, na vyote vinagusa ardhi.

Mdomo wazi una adha yake kwenye kukauka. Kingo za midomo ni nyembamba, zinatangulia kukauka, wakati shingo bado ina maji. Udongo unaokauka unasinyaa, na pembe ya mdomo ndipo panapopasuka. Dawa ni mbili zikifanywa pamoja: funga taya kwa kitambaa kibichi na nailoni juu yake, huku mwili umeachwa wazi, na sukumia donge la gazeti ndani ya kinywa ili taya la juu lisiiname. Gazeti hilo litaungua lenyewe motoni.

Mamba anahitaji hesabu. Kichwa chake ni karibu sehemu moja ya saba ya urefu wote, na mkia ni karibu nusu. Ukitaka mamba wa sentimita 42, kichwa ni 6, mkia ni kama 20, kilichobaki ni shingo na kiwiliwili. Wengi wanafupisha mkia kwa kuogopa utavunjika. Usiufupishe, upinde, uuzungushe ubavuni mpaka uguse mwili au uguse kibao cha chini, hapo umepata nguvu bila kumwongopea mnyama. Miguu ya mbele ina vidole vitano, ya nyuma vinne. Kila mguu, vidole vitatu vya ndani tu ndivyo vyenye kucha. Ulimi wake umeshikamana na sakafu ya kinywa, hawezi kuutoa nje. Ule ulimi uliogawanyika mnaomtundika ni wa kenge. Mdomo wake ukifungwa, jino la nne la chini linaonekana kwa nje, limekaa kwenye pengo la taya la juu. Na akikaa kando ya maji ameachama, kwa kawaida anapoza mwili, hana hasira. Mamba wa kuogopwa ni yule unayeona macho na pua tu. Mtu anaweza kufinyanga kichwa na mstari wa mgongo juu ya kibao bapa kinachowakilisha maji, akaacha mwili mwingine usionekane. Hiyo ni kazi bora kuliko mamba mia walioachama.

Magamba msiyachore kwa msumari moja moja. Chonga muhuri: kijiti cha mti mgumu, ncha yake imekatwa mraba wenye mgongo katikati. Gonga mistari kuanzia shingoni, gamba liendane na gamba. Kwenye mkia, zile pembe za juu zinaanza safu mbili, zikikaribia ncha zinaungana kuwa safu moja. Safu hizo zibanwe kutoka kwenye udongo wa mkia wenyewe. Zile zinazobandikwa juu juu hudondoka siku ya moto.

Nyati nitampitia haraka. Pembe zake zinatoka juu ya paji la uso, zinashuka pembeni, kisha zinapanda na kuingia ndani. Kwa dume lililokomaa zimekutana katikati kama kofia ngumu. Masikio yananing'inia chini ya pembe. Nguvu yake iko shingoni, basi shingo iwe nene. Tembo wetu wa Afrika ana mgongo uliobonyea katikati na ncha ya mkonga ina vidole viwili. Nimeona vinyago vingi vya tembo wenye mgongo uliobenuka juu, hao ni wa Bara Asia. Nyoka: koboko si mweusi ngozini, ni wa kijivu au rangi ya zeituni, weusi wake uko ndani ya kinywa. Kifutu ni mfupi na mnene, na mgongoni ana alama za mshale zinazoelekea mkiani.

Kuna watakaosema: mbona Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alichora wanyama wasiofanana na wa porini, kwa rangi za baiskeli, na dunia ikampenda? Ni kweli, na ni fahari yetu watu wa kusini. Lakini tazameni kazi zile kwa makini. Mnyama anajaza ubao mzima, amesimama kwa ubavu, umbo lake moja limeamuliwa bila kusitasita. Alichagua. Aliyefinyanga simba mwenye mboni ya paka hakuchagua, hakujua tu. Nendeni pia pale Igeleke, nje kidogo ya mji, mkaone michoro mwambani kwa rangi nyekundu. Watu wale waliishi na wanyama hao bila gari wala bunduki.

Jambo la kuwatazama wanyama lisitugharimu maisha. Hakuna sanamu inayostahili mtu kushuka kwenye gari hifadhini, wala kukaa ukingoni mwa mto Ruaha Mkuu jioni na daftari. Mchoro unafanyiwa ndani ya gari, injini imezimwa, pamoja na mwongozaji. Piga picha ya ubavu, ya mbele na ya nyuma, kila mnyama, kisha ukirudi upime juu ya picha kwa uzi: kichwa ni kipimo chako, hesabu kichwa kinaingia mara ngapi kwenye urefu, mara ngapi kwenye kimo. Simba kimo chake begani ni karibu vichwa vitatu. Usiku mtu hafuati sauti ya fisi ili akamwone vizuri.

Na tukumbuke tunamuuzia nani. Njombe na vijiji vya jirani walipita miaka ya 1930 na 1940 wakiuawa na simba wala watu, mpaka George Rushby wa idara ya wanyamapori alipowawinda simba hao. Watu wa Idodi na Tungamalenga leo wanapoteza ng'ombe na mazao kwa wanyama wa Ruaha. Simba wa kuchekesha, aliyevalishwa miwani, anaweza kupendwa na mgeni anayeruka kesho. Kwa jirani yetu ni dharau. Mpeni mnyama uzito wake.

Tuingie kwenye udongo. Udongo wa bondeni kwetu unafinyangika vizuri lakini ukiwa peke yake unasinyaa sana kwa kazi nene. Uanike ukauke kabisa, upondeponde, uuloweke siku tatu hadi saba, upitishe kwenye wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, kisha uumwage juu ya kitambaa mpaka uache kunata mikononi. Ukiviona vijiwe vyeupe, vidondoshee maji ya ndimu. Vikitoa povu ni chokaa, udongo huo achana nao au uuchuje tena kwa wavu mwembamba. Chokaa ikipata moto mkali inabadilika, na siku kadhaa baada ya kuuza inavuta unyevu wa hewa, inavimba, na kubandua kipande cha uso wa simba wako kwenye kabati la mteja.

Kisha ongeza unga wa magae. Chukua vyungu vilivyovunjika, vinyunyizie maji ili vumbi lisiingie mapafuni, viponde mpaka chembe zipite kwenye chujio la chai. Ndoo nne za udongo kwa ndoo moja ya magae, na kwa sanamu kubwa kuliko nusu mita, tatu kwa moja. Magae yamekwishapita motoni, hayasinyai tena, na yanaacha njia ndogo ndogo za maji kutokea. Mchanga wa mtoni nao husaidia, ila ukizidi udongo unakosa mshiko na masikio yanameguka.

Pima msinyao kabla ya kazi, usikisie. Tengeneza kibao kidogo, chora mstari wa sentimita 10, kikaushe, kichome, pima tena. Ukikuta 9, udongo wako unapoteza sehemu moja ya kumi. Mteja akitaka kiboko wa sentimita 27, gawanya 27 kwa 0.9, jenga 30.

Sanamu isiyozidi ukubwa wa ngumi mbili ichongwe nzima halafu itobolewe. Acha ikaze mpaka kidole hakibonyezi ila ukucha bado unaacha alama. Hapo ikate mgongoni kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, chota udongo wa ndani kwa kijiko, bakiza ukuta wa sentimita moja au zaidi kidogo, unene uwe sawa pande zote. Kwaruza kingo zote mbili, paka uji mzito wa udongo uleule, bana, pitishia kamba nyembamba ya udongo kwenye mshono na uisugue mpaka ipotee. Kwa sanamu kubwa zaidi, jenga kwa kamba za udongo tangu mwanzo kama mnavyojenga mtungi. Kina mama wa Ikombe kule Ziwa Nyasa wanaujua ufinyanzi wa ukuta mwembamba kuliko sisi sote, na kijana mwenye akili atakwenda kukaa nao. Kila uwazi wa ndani uwe na tundu la ukubwa wa penseli, chini ya tumbo. Miguu iliyozidi unene wa sentimita tatu itobolewe kutoka kwenye wayo kwa spoku ya baiskeli, ipande mpaka kwenye paja.

Mnyama anayesimama kwa miguu minne myembamba huanguka akiwa bado mbichi. Msimamishe kwa nguzo chini ya tumbo, na nguzo hiyo itoke kwenye udongo uleule. Ukimwekea tofali au kijiti, mwili utasinyaa na kushuka, nguzo haitashuka, mgongo utapasuka. Chini ya nyayo weka karatasi yenye mchanga mkavu kidogo ili miguu iteleze ikivutana. Miezi ya Juni mpaka Agosti hapa Iringa upepo ni mkavu na baridi; kazi iwe ndani, imefunikwa nailoni, ifunuliwe kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Masikio, mkia na pembe vifunikwe mpaka mwisho.

Watu husema sanamu hupasuka kwa sababu ya hewa iliyonaswa. Kinachopasua ni maji. Kwa kimo cha mji wetu, mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi joto 95, na mvuke ukikosa pa kutokea unarusha vipande. Kwa hiyo siku ya kuchoma, zungusha kazi kando ya moto mdogo kwa saa mbili au tatu, ukizigeuza. Shika kioo baridi juu ya lile tundu la tumboni. Kikipata ukungu, maji bado yamo. Ngoja. Kioo kikibaki kikavu, endelea.

Panga kitanda cha samadi kavu ya ng'ombe, juu yake mabanzi ya msindano kutoka Mafinga, juu yake sanamu, kisha zifunike kwa magae makubwa ili ulimi wa moto usizilambe moja kwa moja. Mwaga pumba za mpunga juu ya yote. Pumba zinaungua polepole na kushika joto sawasawa, na kwa walio karibu na Mbarali hazina bei kubwa. Choma asubuhi kabla upepo haujaamka, na ukingie bati upande wa upepo. Moto ukifika rangi nyekundu iliyokolea, ulinde kwa saa mbili. Kisha kaa mbali nao mpaka kesho yake. Karibu nyuzi 573, chembe za mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla. Ukifunua majivu mapema ili uone kazi, hewa ya baridi inaipitisha sanamu kwenye joto hilo kwa kasi, na utasikia mlio mdogo. Huo ni ufa.

Rangi. Udongo wa njano ukichomwa unakuwa mwekundu. Wengi wamempaka chui udongo wa njano wakamtoa motoni mwekundu kama matofali. Tumia uji wa udongo mweupe uliotiwa mwekundu kidogo sana, kama kijiko kimoja kwa kumi, nao utatoa rangi ya maziwa yaliyoungua, na ujaribu kwanza kwenye kigae. Nyati ataupata weusi wake kwa moshi: akiisha kuchomwa, mzike kwenye debe lililojaa vumbi la mbao, washa juu, vumbi likishika vizuri funika na bati, liache liungue lenyewe usiku kucha. Ukitaka ang'ae, msugue kwa kokoto laini wakati udongo umekaza, kabla ya moto wa kwanza. Baada ya moto kokoto haifanyi kitu.

Halafu sheria. Msibandike jino la kweli, ukucha wa kweli, kipande cha ngozi wala mfupa wa mnyama wa porini kwenye kazi zenu, hata kama mtu ameuokota. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hizo ni nyara za Serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa kubwa linaloweza kukupeleka jela. Mteja akikuletea jino la simba ulipachike, mrudishie na umweleze. Chonge zifinyangwe kwa udongo, zichomwe peke yake, zibandikwe baadaye kwa gundi ile ya kuchanganya mirija miwili. Ndizo huvunjika kuliko kitu chochote, na hivyo ni rahisi kubadilisha moja.

Kusafirisha: kazi nyingi zinazopotea hupotelea kwenye buti la basi kati ya hapa na Dar es Salaam. Jaza maranda ya randa kwanza katikati ya miguu na chini ya tumbo, mpaka mnyama asitikisike, ndipo umzungushie gazeti na karatasi ya boksi. Mkia uwekewe mto wake peke yake. Boksi la ndani liingie kwenye boksi la nje, na katikati yake maranda ya upana wa vidole vinne. Kwenye kikaratasi andika jina la mnyama, aina ya udongo na mahali ulikochimbwa, na kwamba kazi hii si ya kuwekea chakula wala maji.

Maswali tutayajibu huku mikono ikifanya kazi. Kila mmoja achukue kilo nne za udongo uliokwishachanganywa, tunaanza na kiboko aliyefunga mdomo, na nitapita na rula kukagua mstari wa pua, jicho na sikio kabla mtu yeyote hajaanza kumwekea miguu.